Nilimfukuza Yaya Aliyemnyonyesha Mwanangu, Kisha Nikamfuata Mpaka Jego

Nilimkuta yaya amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, leso imeshuka mpaka kiunoni... na mwanangu yuko kifuani kwake, ananyonya.

Si kwamba amempakata. Ananyonya.

Saa nne asubuhi. Nilikuwa nimerudi mapema kwa sababu dawa za sindano zilichelewa kufika zahanati, wagonjwa tukawaambia warudi kesho.

"Mbeyu."

Alishtuka, lakini hakumtoa mtoto. Alimfunika kichwa kwa ncha ya leso, kama vile mimi ndiye mgeni niliyeingia bila kupiga hodi.

"Bibi Nesi. Leo umewahi."

"Unafanya nini?"

"Alilia."

"Chupa iko wapi?"

"Ile pale. Haitaki."

Nilivuka chumba kwa hatua tatu. Nikatia kidole pembeni mwa mdomo wa mwanangu, vile tulivyofundishwa chuoni, nikamtoa. Akapiga kelele. Midomo yake ilikuwa bado inatafuta.

"Hayo maziwa umeyatoa wapi?"

"Ni yangu, bibi."

"Mwanao si amekufa?"

"Amekufa."

"Basi hayo ni maziwa ya maiti. Unamlisha mwanangu maziwa ya maiti."

Nimeandika kama nilivyosema. Sijapunguza neno. Na nililisema kwa sauti, dirisha liko wazi, majirani wamesimama uani na ndoo zao.

Mbeyu alisimama. Alijifunga leso yake polepole, akakusanya vitu vyake. Vilikuwa vichache, vilienea kwenye kikapu kimoja. Mlangoni aligeuka.

"Niruhusu nimshike mkono tu."

"Toka."

Akatoka.

Sasa nyie mnaosoma, wengi wenu mko upande wangu. Najua. Hata mimi nilikuwa upande wangu. Ngojeni.

Hii ilikuwa mwaka 1957, Msambweni. Naitwa Mejumaa. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina diploma ya uuguzi na ukunga, na wanawake wenye karatasi kama ile pwani hii ya kusini ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mume wangu, Abdurahman, alikuwa karani kiwanda cha sukari. Mwanetu wa kwanza ni Biasha, msichana.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nilirudi kazini, Biasha ana miezi mitatu. Maziwa yangu yakakatika ndani ya wiki mbili. Asubuhi nilikuwa nawahubiria wanawake zahanati kwamba hakuna kama maziwa ya mama, na nyumbani mwanangu nimemwachia chupa. Nacheka nikikumbuka, lakini si kicheko kizuri.

Yaya nililetewa na mavyaa wangu, Bi Chiku, mama yake Abdurahman. Alikuja naye kutoka Mwabungo.

"Mkwe wangu, huyu si mtu wa kuokota njiani," alisema. "Huyu ndiye aliyemnyonyesha Fondo wetu."

Fondo ni mtoto wa wifi yangu, Mwanarusi. Mwanarusi alipojifungua alipata homa kali, kwa miezi miwili hajui usiku wala mchana. Mbeyu alikuwa jirani yake, ameolewa hapo Mwabungo na ana mtoto mchanga wake mwenyewe. Akawanyonyesha wote wawili, huyu kulia, huyu kushoto. Fondo akapona njaa, akakua.

Mwaka na nusu baadaye surua ikapita. Mtoto wa Mbeyu akafa. Mumewe akampa talaka kabla ya arubaini. Alipofika kwangu ilikuwa hata mwezi haujatimia tangu waachane.

Haya yote Bi Chiku aliyaeleza kwa kifupi, akinywa chai. Mimi nilikuwa natazama saa.

"Unakohoa?" nilimuuliza Mbeyu.

"Sikohoi."

"Nionyeshe kucha zako."

Akanionyesha.

"Unajua kuchemsha maji?"

"Bibi, mimi kwetu Jego. Hata Jego moto upo."

Bi Chiku alicheka. Mimi sikucheka. Nilimpangia saa za chupa, nikamwonyesha sufuria ya mtoto na sufuria ya watu, nikamwambia mtoto habebwi ovyo akilia, nikatoka.

Nikiwa uani nilimsikia Bi Chiku akimwambia, "Na hayo maziwa yako uyafunge, umenisikia? Yafunge mpaka yakauke." Nikadhani ni mambo ya usafi. Nikaona mavyaa wangu kumbe ana akili.

Miezi miwili Biasha alinenepa mpaka mikono ikaweka mikunjo. Wanawake zahanati waliniuliza siri. Nikawaambia siri ni chupa safi na saa.

Jamani.

Basi, siku ya pili baada ya kumfukuza Mbeyu, Bi Chiku alifika Msambweni. Habari ilikuwa imeshamfikia. Abdurahman alikuwepo, anakunywa kahawa. Nilijiandaa kupokea pole.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Hata baibui hakuvua.

"Mara ngapi?"

"Mara ngapi nini, mama?"

"Amemnyonyesha mara ngapi?"

"Mimi nimemkuta mara moja. Na nimeshamfukuza, usiwe na wasiwasi."

"Sikukuuliza kama umemfukuza. Mtu unamfukuzaje na hujamuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimeona kwa macho yangu."

Alikaa. Akamgeukia mwanawe. "Mke wako amesoma vitabu vya Wazungu vyote, hiki chetu hakufika."

Ndipo akanieleza, kama anayemweleza mtoto. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano, kila mara akashiba na kuachia mwenyewe, yule mwanamke ni mama yake. Na kila aliyenyonya hapo ni ndugu yake.

"Hilo nalijua," nilisema.

"Unalijua. Basi Fondo alinyonya hapo miezi miwili."

"Sawa. Biasha atakuwa amepata kaka. Ubaya uko wapi?"

"Ndugu hawaoani, Mejumaa."

"Ni nani hapa anazungumza habari za kuoana? Biasha ana miezi mitano!"

Nilimtazama Abdurahman. Yeye alikuwa anatazama ndani ya kikombe, kama kuna kitu kimeandikwa.

"Abdurahman?"

"Mama aliomba," alisema. "Nikampa neno."

"Neno gani?"

"Biasha awe mke wa Fondo. Wakikua."

"Ulimpa lini?"

"Siku ya akika."

Siku ya saba. Mwanangu ana siku saba duniani, mimi bado nimelala sina nguvu ya kukaa, wao uani wanakula nyama ya mbuzi na kumgawa.

"Nilikuwa nitakwambia," alisema.

"Mengine yapo?"

Bi Chiku ndiye aliyejibu, na kusema kweli hakuwa na haya.

"Akitimiza miaka saba anahamia Mwabungo kwa shangazi yake. Atakulia pale, atazoea nyumba yake mapema. Akivunja ungo, ataolewa. Minazi ya baba yao Abdurahman na Mwanarusi itabaki mahali pamoja."

"Na skuli?"

"Skuli ya nini?"

"Mama, mwanangu atasoma."

"Wewe si umesoma?" alisema. "Na mwanao ananyonyeshwa na watu."

Jibu la hilo nalitafuta mpaka leo.

Usiku ule mimi na Abdurahman tulizungumza. Nilimwomba arudishe neno lake. Akasema neno la mwanamume alilompa mama yake mbele ya wazee halirudi. Akasema nisikuze mambo, miaka kumi na tatu ni mingi. Mimi nimezalisha wasichana wa miaka kumi na nne. Nimewashika mikono. Wawili walikufa mikono yao iko ndani ya mikono yangu. Nilimwambia hivyo.

"Biasha hatakuwa hao," alisema, akageuka ukutani.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Posa ile baba hataivunja, bibi hataivunja, na mimi mama sina sauti. Kitu kimoja tu kingeivunja: mara tano za Mbeyu. Na Mbeyu nilikuwa nimemtoa mlangoni mwangu mwenyewe.

Nilituma mtu Mwabungo. Hayuko. Nikauliza Ukunda. Hayuko. Nikasikia Bi Chiku naye ametuma watu, anamtafuta pia, na nikajua anamtafuta ili amwambie la kusema.

Biasha akakataa chupa. Ile mikunjo ya mikono ikaanza kupotea. Nilimlisha kwa kijiko, anameza kidogo, anatema kingi, ananitazama kama mtu aliyeibiwa.

Wiki tatu zilipita. Kisha mgonjwa mmoja, mama wa Jego mwenye jipu, aliniambia huku akiuma meno kwa uchungu kwamba Mbeyu yuko kwao, kwa shangazi yake, Bi Mbodze.

Niliomba ruhusa ya siku mbili. Nikapanda lori la nazi na mtoto mgongoni. Abdurahman nilimwachia barua ya mstari mmoja.

Mbeyu nilimkuta anamenya mihogo. Hakusimama.

"Bibi Nesi. Leo pia umewahi?"

"Nimekuja kukuuliza jambo."

"Mara ngapi," alisema. "Mavyaa wako alikuwa hapa juzi. Aliniletea doti nzima ya leso, mpya. Na yeye swali lake ni hilo hilo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu sikumbuki. Leso nikamrudishia."

Biasha alikuwa amesikia sauti yake. Mgongoni kwangu alianza kupiga miguu. Mbeyu hakumtazama. Aliendelea kumenya, lakini kisu kilikuwa kinakata muhogo wenyewe, si ganda.

"Mbeyu, nieleze kweli. Ni mara ngapi?"

Akafikiri.

"Nne."

"Una hakika?"

"Nne za kushiba. Ya tano ni ile uliyoingia. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika, hata hajameza. Ya tano uliikata wewe."

Nyie... nilikaa chini pale pale, kwenye maganda ya mihogo. Kama ile dawa ingefika zahanati kwa wakati wake. Kama ningesimama njiani nikanunua samaki. Robo saa tu, mwanangu angekuwa huru.

Lakini mimi si mtu wa kukaa chini muda mrefu.

"Mnyonyeshe sasa," nilisema.

"Yamekauka."

"Umejaribu?"

"Nilimjaribu nani?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nilifunga leso kifuani siku tisa. Yamekauka."

"Yatarudi. Mtoto akinyonya mara kwa mara yanarudi. Nimeona bibi kizee akimnyonyesha mjukuu wake yatima. Utakula vizuri, utakunywa uji, mtoto atawekwa kila baada ya saa mbili, na..."

"Bado unanipangia saa," alisema Mbeyu.

Nikamshusha Biasha mgongoni.

Bi Mbodze, shangazi yake, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mwanamke mnene, sauti nzito. "Huyu ndiye yule?" aliuliza. "Wa maziwa ya maiti?"

"Ndiye," alisema Mbeyu.

"Mbona mdogo hivi? Mimi nilidhani mtu mwenye mdomo kama ule atakuwa na umbo."

Nilipiga magoti. Nikasema, "Mbeyu, naomba."

"Unaomba nini?"

"Umnyonyeshe mwanangu."

"Kabla ya hilo hakuna lingine la kuomba?"

Nilielewa. Lakini hakutaka radhi ya chumbani. Alimwambia shangazi yake awaite wanawake wa jirani. Walikuja saba. Akaniambia niseme tena mbele yao yale niliyoyasema Msambweni, kama nilivyoyasema, kisha ndipo niombe radhi.

Nikasema. Neno kwa neno. Mwanamke mmoja aliziba masikio. Mwingine alisema, "Astaghfirullah, na huyu ndiye anayetuzalisha." Nikaomba radhi. Mbeyu alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto."

Kazi ile ilichukua siku tisa.

Ziwa likiwa kavu mtoto hulikasirikia, hulipiga kwa mkono, hulia. Nilijua dawa yake. Nilichukua maziwa ya mbuzi kwenye kijiko, nikayadondosha polepole juu ya ziwa la Mbeyu yakimfuata Biasha mdomoni, ili adhani yanatoka pale na aendelee kuvuta. Kila baada ya saa mbili. Mchana na usiku. Kijiko changu, ziwa lake, mdomo wa mwanangu. Hatukuwa tunazungumza.

Mchana nilipika. Uji wa mtama asubuhi, mchuzi wa pweza adhuhuri, kunde na nazi jioni, vyote vya Mbeyu. Nilifua nguo zake. Nilichota maji. Bi Mbodze alinikaa kooni.

"Nesi, ile sufuria hukusugua nyuma."

"Nitaisugua, shangazi."

"Wenzetu wana yaya wa kawaida. Sisi wetu ana diploma."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilisugua sufuria.

Ruhusa yangu ilikuwa ya siku mbili. Siku ya sita nafasi yangu ikapewa mwingine. Hilo simlaumu mtu, wagonjwa hawangojei.

Siku ya saba akaja Abdurahman. Alisimama uani, viatu vina vumbi, kofia mkononi.

"Chukua mtoto, twende nyumbani."

"Bado siku chache."

"Mama anajua unachofanya. Watu wote wanajua. Unaniaibisha."

"Rudisha neno lako. Nitafunga kikapu sasa hivi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mejumaa, usinilazimishe."

"Mimi sijakulazimisha kitu. Hata siku ya akika sikuwepo."

Alitazama mlangoni. Ndani Mbeyu alikuwa na Biasha kifuani, na Bi Mbodze amekaa kizingitini, amekijaza chote, hana haraka.

"Ukibaki hapa," alisema Abdurahman, "wewe si mke wangu."

"Nabaki."

Aliigeuza kofia mkononi. Nafikiri alitaka nimwombe. Nami nafikiri nilitaka aketi, anywe maji, tuanze upya. Hakuna aliyefanya lake. Akatamka talaka moja, akavaa kofia, akaenda kungojea lori.

Nilirudi jikoni. Uji ulikuwa umeungua chini.

Siku ya tisa, asubuhi, nilisogeza kijiko na Mbeyu akanishika mkono.

"Acha," alisema.

Nikaacha. Biasha akaendelea kuvuta. Nikasikia koo lake: glu... glu... glu.

Bi Mbodze alishaelezwa la kufanya. Akakimbia kuita. Wakaja wanawake wanne, watu wazima, wenye akili zao, maana ushahidi wa jambo hili unataka wanawake wanne. Wakakaa kwenye mkeka wamemzunguka Mbeyu, shingo mbele, kama watu wanaotazama chungu kikichemka.

"Amemeza?"

"Amemeza. Tazama koo."

"Mimi sikuona."

"Basi vaa macho, atameza tena."

Biasha alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, mdomo wazi, usingizi umemchukua. Wale wanne wakashuhudia, mmoja baada ya mwingine. Kisha Mbeyu akamnyonyesha tena adhuhuri, wao wakitazama. Na alasiri. Na siku ya pili yake, kutwa.

"Tuzidishe," alisema, "asipatikane mtu wa kusema ilipungua."

Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka sana.

Tukaenda Mwabungo kwa Mwalimu Chande, mtu aliyeheshimiwa kwa elimu yake na aliyekuwepo siku ile ya akika. Bi Chiku alikuwepo, Mwanarusi na Fondo wake, Abdurahman amekaa mbali nami. Mashahidi wangu wanne nilikuwa nimewalipia lori.

Mwalimu alimuuliza Mbeyu, taratibu, bila kumtisha.

"Binti yangu, mtoto huyu amenyonya kwako mara tano?"

"Zaidi ya tano, mwalimu."

"Za kushiba?"

"Za kushiba."

"Na Fondo?"

"Fondo kila mtu hapa anajua."

Akawasikiliza wale wanne. Akafunga macho kidogo. Akasema Biasha na Fondo ni ndugu, na posa baina yao haipo, na haitakuwepo mpaka kiama. Abdurahman neno lake likawa limekufa bila yeye kulirudisha.

Bi Chiku alisimama. Nilidhani atanitukana. Alinisogelea tu, akasema chini kwa chini, "Yule mwanamke nilimleta mimi kwa mkono wangu. Hilo ni kosa langu. Lakini wewe umempa mwanao mama mwingine. Utaona."

Tukatoka. Mimi nilikuwa mwepesi. Sina kazi, sina mume, sina nyumba, na nilikuwa mwepesi kama karatasi. Mwanangu atasoma. Hesabu yangu ilikuwa imekaa sawa.

Tukapumzika kwenye ukingo wa kisima. Mbeyu akamtoa Biasha mgongoni kwangu bila kuniuliza, akamweka kifuani.

"Mejumaa," alisema.

Hakuwahi kuniita jina langu.

"Eh?"

"Haikuwa nne."

"Nini haikuwa nne?"

"Kule kwako Msambweni. Haikuwa mara nne."

Nilimtazama. Yeye alikuwa anamtazama Biasha.

"Ilikuwa kila siku. Tangu wiki ya kwanza. Asubuhi ukishatoka. Adhuhuri. Alasiri kabla hujarudi. Miezi miwili. Chupa nilikuwa nampa paka wa jirani."

Sikuelewa. Naapa, mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa kipande kwa kipande.

"Kwa hiyo siku niliyokuja Jego..."

"Alikuwa mwanangu zamani."

"Ungesema. Neno moja tu, Mbeyu. Ungesema ni zaidi ya tano, ukaja kwa Mwalimu na majirani waliokuona dirishani, mkasema hivyo hivyo. Ningerudi na lori lile lile."

"Ungerudi," alisema. "Na yeye ungerudi naye."

"Nimepoteza kazi!"

"Najua."

"Nimeachwa!"

"Najua, nilikuwepo ndani." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mimi nilifiwa na mtoto, nikaachwa, nikaja kwako hivyo. Ukanikagua kucha."

"Nilikuomba radhi," nilisema. "Mbele ya watu saba."

"Uliomba kwa sababu ulikuwa na shida. Mimi nilitaka ukae. Nilitaka uyatafute maziwa haya kwa kijiko, mchana na usiku, ujue ni ya mtu au ni ya maiti."

Biasha aliachia ziwa, akacheka, akamshika pua.

"Ile miezi miwili," alisema Mbeyu, "hukuniuliza hata mara moja mwanangu aliitwa nani."

Ni kweli. Nilimuuliza kikohozi. Nilimuuliza maji.

"Aliitwa nani?" nilisema.

Alimfunga Biasha mgongoni kwake, akakaza fundo la leso.

"Sasa hapana," alisema.

Nyie, mnataka kujua nilifanya nini? Ningeweza kumnyang'anya mtoto nikaondoka. Mtoto angekufa njaa, chupa alishaikataa. Kwa hiyo nilirudi Jego na Mbeyu, nikakaa kwa Bi Mbodze mpaka Biasha alipoachishwa ziwa, nikawa nazalisha wanawake wa vijiji vya kule, wengine kwa nazi, wengine kwa kuku. Baadaye kazi ya serikali niliipata tena. Mume sikupata tena, wala sikutafuta. Biasha alisoma mpaka akanipita.

Mimi sasa nina miaka tisini na kitu, na wajukuu zangu wameniweka kwenye hizi kurasa zenu, ambako kila siku nasoma akina mama mnaandika: yaya kafanya hivi, yaya kafanya vile, nimemtimua. Mnapongezana. Pengine wengine wao walistahili kutimuliwa, mimi sijui nyumba zenu.

Lakini huyo mtu unayemkabidhi mwanao saa kumi kwa siku, unajua nini juu yake? Umemuuliza kama anajua kutumia jiko la gesi. Umepiga picha kitambulisho chake. Je, ana mtoto? Yuko wapi huyo mtoto leo, analala kwa nani? Muulize kabla hujampa masharti yako. Muulize siku ya kwanza, ukiwa huna shida naye, maana ukiuliza siku ya shida atajua unauliza kwa sababu gani, na atakuwa na haki ya kukunyima.

Mimi na Mbeyu tuliishi tukiheshimiana. Sikumsamehe sawasawa, na sidhani kama alinisamehe. Alifariki Jego. Biasha ndiye aliyelia kama mtoto aliyefiwa na mama, mimi nikiwa nimekaa pembeni na wageni wengine.

Siku ya hitma nilimsikia Biasha anaomba dua. Akamwombea Mama Mbeyu. Kisha akaomba kwa ajili ya kaka yake, yule mtoto wa surua, akataja jina lake kwa sauti ya chini sana, mimi niko nyuma, masikio yangu yameshazeeka.

Baadaye nilimuuliza, "Biasha, ulisema nani?"

Alinishika mkono, kwa upole kabisa.

"Mama," alisema, "jina lile aliniachia mimi."